Masomo na Walimu wa Shule za Sekondari za Marekani, Miaka ya 1940 hadi 1960: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka zaidi kwa wasomaji waliokutana na habari za shule za Marekani katika wasifu wa watu mashuhuri, au ambao wazee wao waliwahi kufundishwa na Mmarekani, wakashindwa kuzilinganisha shule hizo na zile walizozijua wao. Majibu yanahusu shule za umma zilizoendeshwa kwa kodi, si za kulipia wala za kanisa.

Shule hiyo ilianza darasa la ngapi, na nani aliruhusiwa kuingia?

Kwa kawaida ilichukua miaka minne, darasa la 9 hadi la 12, na wanafunzi wake walikuwa na umri wa miaka 14 hadi 18 hivi. Palipokuwa na shule ya kati, mfumo ulioanza kuenea baada ya kujaribiwa Columbus, Ohio, na Berkeley, California, karibu na mwaka 1909, sekondari ilianza darasa la 10 na kuchukua miaka mitatu tu.

Jambo linalomshangaza zaidi msomaji wa Afrika Mashariki ni kwamba hapakuwa na mtihani wa kuchuja. Mtoto aliyemaliza darasa la 8 alivuka kwenda la 9 katika shule ya mji wake, bila ada, pamoja na watoto wa jirani. Mwaka 1900 waliohitimu sekondari hawakufika asilimia 7 ya vijana wa rika la miaka 17. Kufikia mwaka 1950 walikuwa zaidi ya nusu. Karibu kila jibu linalofuata lina mzizi wake hapo, kwa kuwa shule iliyoanzishwa kwa ajili ya wachache waliokuwa wakielekea chuo kikuu ilijikuta ikiwapokea watoto wa wakulima, wa mafundi na wa wahamiaji, na ikambidi mwalimu awe na jambo la kumfundisha kila mmoja wao.

Ni nani aliyepanga masomo?

Hapakuwa na wizara yenye mamlaka juu ya mtaala wa nchi nzima. Katiba ya Marekani haitaji elimu, kwa hiyo jukumu liliangukia majimbo, nayo majimbo yaliziachia sehemu kubwa ya kazi bodi za shule za wilaya, ambazo wajumbe wake mara nyingi walichaguliwa na wananchi. Jimbo liliweza kudai kwamba kila mhitimu awe amesoma historia ya Marekani, lakini kama shule ingefundisha Kirusi au isingefundisha ni jambo lililoamuliwa mjini, kwa kutazama fedha zilizokuwapo na mwalimu aliyeweza kupatikana.

Hata hivyo shule hizo zilifanana sana, na sababu moja ni ripoti mbili za kitaifa. Ya kwanza, ya mwaka 1893, ilitolewa na kamati ya watu kumi chini ya Charles W. Eliot, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, ikashikilia kwamba somo lifundishwe kwa namna ileile kwa anayekwenda chuo na kwa asiyekwenda. Ya pili, ya mwaka 1918, ilitaja malengo saba ya sekondari, yakiwemo afya, maisha ya nyumbani, kazi, uraia na matumizi mema ya muda wa mapumziko. Shule ya miaka ya 1950 ilijaribu kuzitii zote mbili, na kwa maoni yangu ugomvi mkubwa wa kipindi kile ulitokana na jaribio hilo.

Uniti ilikuwa nini?

Ilikuwa kipimo cha muda uliotumika darasani. Somo lililofundishwa kwa saa 120 hivi katika mwaka lilihesabiwa uniti moja, na mwanafunzi aliyekusanya idadi iliyotakiwa, ambayo mara nyingi ilikuwa karibu 16, alipewa cheti. Asili ya kipimo hiki ni pensheni ya maprofesa: mfuko wa Carnegie, ulioanza kazi mwaka 1906, ulikubali kuwalipia kiinua mgongo maprofesa wa vyuo vile tu vilivyodai angalau uniti 14 kwa mwombaji wa nafasi, na vyuo vilipokubali, sekondari nazo zikalazimika kuhesabu hivyohivyo. Ndiyo maana upigaji chapa na fizikia, ukivitazama katika daftari la karani wa shule, vilikuwa na uzito mmoja.

Mwanafunzi alisoma masomo gani hasa?

Siku iligawanywa katika vipindi vya takriban dakika 40 hadi 55. Kengele ikilia, wanafunzi ndio waliohama chumba, mwalimu alibaki kwake. Mwanafunzi wa kawaida alikuwa na masomo manne au matano makubwa kwa mwaka, akiyasoma kila siku, tofauti na ratiba zetu ambazo huzungusha masomo manane au zaidi kwa wiki nzima.

Kiingereza kilisomwa miaka yote. Darasa la 9 na la 10 lilikuwa la sarufi, na walimu wengi walimfundisha mtoto kuichora sentensi ubaoni kwa mistari, kiima na kiarifu vikikaa kwenye mstari mkuu na vivumishi vikining'inia chini yake. Fasihi ilikuwa zaidi ya Uingereza na Marekani, na tamthilia za Shakespeare hazikukosekana. Ile ya Juliasi Kaizari, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, ndiyo iliyozoeleka sana darasa la 10, kwa kuwa Kiingereza chake ni chepesi kuliko cha nyingine na habari yake inaingiliana na somo la historia.

Hisabati ilikwenda kwa ngazi: aljebra darasa la 9, jiometri la 10, aljebra ya pili la 11, kisha trigonometria kwa waliobaki. Walikuwa wachache. Asiyeiweza aljebra alipewa hisabati ya jumla, yenye asilimia, riba na vipimo, na baada ya mwaka mmoja aliachana na namba kabisa. Sayansi nayo ilikuwa na ngazi zake, yaani sayansi ya jumla, baiolojia, kemia na mwisho fizikia, kila moja kwa mwaka mzima na bila kurudiwa. Huu ndio mpangilio ambao mwalimu wa kwetu huuona mgeni kuliko yote, kwani sisi huzibeba sayansi tatu sambamba kwa miaka kadhaa.

Masomo ya jamii yalianza na uraia, yakafuata historia ya dunia, historia ya Marekani darasa la 11, na katika shule nyingi darasa la 12 lilijadili matatizo ya demokrasia ya nchi hiyo. Elimu ya viungo ilikuwa ya lazima karibu kila mahali. Muziki, uchoraji, uandishi wa gazeti la shule na udereva vilikuwa vya hiari. Somo la udereva lilianza kufundishwa sekondari mwaka 1934 katika mji wa State College, Pennsylvania, likaenea haraka.

Kwa hiyo wote waliokaa chini ya paa moja walijifunza mambo yaleyale?

Hapana, na hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Shule nyingi zilikuwa na mikondo: wa kwenda chuo, wa biashara, wa ufundi, na wa jumla. Sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917 ilileta fedha za serikali kuu kwa ajili ya kilimo, ufundi na sayansi kimu, hivyo shule ya kijijini ikawa na mwalimu wa kilimo aliyewatembelea wanafunzi wake mashambani kwao, na shule ya mjini ikawa na karakana ya useremala na ya vyuma. Wasichana wa mkondo wa biashara walijifunza upigaji chapa, hatimkato na utunzaji wa hesabu, wakatoka wakiwa tayari kuajiriwa ofisini. Mvulana hakutarajiwa kusoma upishi, wala msichana useremala.

Mwanafunzi alishauriwa na mwalimu mshauri, akitazama alama za majaribio ya akili na, ni lazima tuseme, kazi ya baba. Mtoto wa miaka 14 aliyeambiwa kwamba hisabati ya jumla inamtosha hakujua kuwa mlango wa uhandisi ulikuwa umefungwa siku hiyo. Kwa jinsi ninavyouona mfumo huu, wema wake na udhalimu wake vilitoka mahali pamoja: shule haikumfukuza mtu, lakini iliweza kumpa masomo yasiyomfikisha popote na bado ikampa cheti kilekile.

Kilatini na lugha nyingine zilikuwa na nafasi gani?

Karibu na mwaka 1910 wanafunzi wapatao nusu walisoma Kilatini. Katikati ya karne hawakufika mmoja kati ya kumi. Kijerumani kilianguka ghafla wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, majimbo kadhaa yakakipiga marufuku, hadi Mahakama ya Juu ilipoibatilisha sheria ya jimbo la Nebraska mwaka 1923. Kihispania na Kifaransa ndizo zilizobaki na nguvu, lakini wengi walizisoma kwa miaka miwili tu, muda usiotosha kumfanya mtu azungumze.

Mwanafunzi alipimwaje bila mtihani wa taifa?

Mwalimu aliyefundisha ndiye aliyetunga maswali, ndiye aliyesahihisha, ndiye aliyetoa alama kuanzia A hadi F. Jimbo la New York lilikuwa tofauti, kwani mitihani yake ya Regents ilitungwa na jimbo tangu karne ya 19. Waliotaka vyuo fulani walifanya mtihani wa SAT, ulioanza mwaka 1926, na kuanzia miaka ya 1950 shule chache zilianza kutoa masomo ya kiwango cha chuo yaliyopimwa kitaifa.

Mamlaka hayo ya mwalimu yalikuwa makubwa mno. Aliweza kufundisha mwezi mzima jambo alilolipenda bila kuogopa kwamba halimo katika karatasi ya mwisho. Aliweza pia kumpendelea mmoja na kumwonea mwingine, na hapakuwa na msahihishaji wa mbali wa kumsahihisha yeye.

Je, ni kweli kwamba chombo cha angani cha Kirusi kilibadilisha masomo yao?

Ni kweli kwa sehemu. Malalamiko yalikuwapo kabla. Mwaka 1945 Charles Prosser, mtetezi wa elimu ya ufundi, alidai kwamba wanafunzi wengi hawafaidiki na mkondo wa chuo wala wa ufundi, wafundishwe kuyakabili maisha, na shule kadhaa zikaingiza masomo ya kujenga urafiki, kutumia fedha na kujiandaa kwa ndoa. Mwaka 1953 mwanahistoria Arthur Bestor aliwashambulia vikali waliofuata mtazamo huo, akisema wameondoa fikra shuleni.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovyeti ulirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza, na ugomvi wa walimu ukawa jambo la usalama wa nchi. Tarehe 2 Septemba 1958 Rais Eisenhower alitia saini sheria iliyotoa fedha za serikali kuu kwa ajili ya sayansi, hisabati, lugha za kigeni na walimu washauri. Maabara za lugha zenye vinasa sauti na spika za masikioni zilinunuliwa kwa fedha hizo.

Mitaala mipya, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuanza kutungwa. Kamati ya fizikia iliyoongozwa na Jerrold Zacharias katika taasisi ya MIT iliundwa mwaka 1956, mwaka mmoja kabla ya Sputnik, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1960 kilimtaka mwanafunzi ayatazame mawimbi katika beseni la maji kabla ya kupewa kanuni. Kundi la hisabati chini ya Edward Begle lilianza mwaka 1958, likaleta nadharia ya seti kwa watoto ambao wazazi wao hawakuweza tena kuwasaidia kazi za nyumbani. Walimu waliitwa kwenye mafunzo ya likizo ya kiangazi. Waliopata nafasi walirudi wamebadilika. Wasioipata walipewa kitabu kipya wakakifundisha kama kile cha zamani.

Conant alipendekeza nini?

James B. Conant, mwanakemia aliyekuwa rais wa Harvard, alizunguka shule nyingi na kutoa ripoti yake mwaka 1959. Aliitetea shule moja ya wote, lakini akataka kila mwanafunzi asome Kiingereza kwa miaka minne, masomo ya jamii mitatu au minne, na angalau mwaka mmoja wa hisabati na mmoja wa sayansi. Mwenye uwezo mkubwa alimtaka asome hisabati miaka minne, sayansi mitatu, na lugha moja ya kigeni minne. Alishauri pia kwamba nusu ya muda wa Kiingereza itumike kuandika insha, na mwalimu wa somo hilo asiwe na wanafunzi zaidi ya 100. Anayejua kazi ya kusahihisha insha ataelewa uzito wa pendekezo hilo, kwa maana mwalimu mwenye madarasa matano ya watoto 30 alikuwa na 150, na insha moja kwa wiki ilimmalizia Jumamosi na Jumapili yake.

Walimu walikuwa akina nani, na walilipwaje?

Sekondari ilikuwa na wanaume wengi kuliko shule ya msingi, hasa baada ya mwaka 1944, sheria ya kuwasomesha askari waliorudi vitani ilipowapeleka wengi vyuoni. Kufikia miaka ya 1950 shahada ya kwanza ilikuwa sharti katika majimbo mengi kwa mwalimu wa sekondari, na vile vilivyokuwa vyuo vya ualimu vilikuwa vikigeuka kuwa vyuo vya majimbo vyenye masomo yote.

Zamani mwalimu wa sekondari alilipwa zaidi ya wa msingi, na mwanamume zaidi ya mwanamke. Denver na Des Moines zilianzisha mwaka 1921 ngazi moja ya mishahara iliyotazama elimu na miaka ya kazi, na kufikia katikati ya karne wilaya nyingi ziliifuata. Kusini palikuwa na tofauti ya rangi pia. Huko Norfolk, Virginia, Aline Black, mwalimu wa kemia katika sekondari ya Booker T. Washington, alishtaki mwaka 1939 kwa kulipwa pungufu ya walimu Wazungu, na bodi ikakataa kumwongezea mkataba. Mwalimu mwenzake Melvin Alston aliichukua kesi hiyo, Thurgood Marshall akiwa miongoni mwa mawakili, na mahakama ya rufaa ikampa haki mwaka 1940.

Wanawake walikuwa na mzigo wao wa ziada. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili wilaya nyingi ziliwaachisha kazi walipoolewa. Vita vilipoleta upungufu wa walimu, kanuni hiyo ilianza kuondolewa. Mjamzito aliendelea kulazimishwa kuondoka darasani mapema katika wilaya nyingi, hadi Mahakama ya Juu ilipozibatilisha kanuni hizo mwaka 1974.

Hali ya shule za Wamarekani Weusi ilikuwaje?

Huko Kusini shule zilitengwa kwa sheria, na mgao wa fedha haukuwa sawa. Sekondari ya Moton, mjini Farmville, Virginia, ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180. Kufikia mwaka 1951 walikuwa zaidi ya 400, na bodi ilikuwa imewajengea vibanda vya mbao vilivyofunikwa karatasi ya lami. Mwezi Aprili mwaka huo Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliwaongoza wenzake kugoma, na kesi yao ikaunganishwa na nyingine katika hukumu ya Mahakama ya Juu iitwayo Brown, ya tarehe 17 Mei 1954, iliyoutangaza utengano wa shule kuwa kinyume cha katiba.

Lakini tusidhani kwamba upungufu wa majengo ulikuwa upungufu wa walimu. Sekondari ya Dunbar mjini Washington ilikuwa na walimu wenye shahada za juu kuliko vyuo vingi, kwa sababu vyuo vya Wazungu havikuwaajiri. Wanawake watatu wa kwanza Weusi kupata shahada ya uzamivu Marekani waliipata mwaka 1921, na wawili kati yao, Eva Dykes na Georgiana Simpson, walifundisha hapo. Kilatini na hisabati ya juu havikuwa vya hiari kwa mtoto aliyeonyesha uwezo. Utengano ulipokwisha, wilaya nyingi za Kusini zilizifunga shule za Weusi na kuwaachisha kazi walimu wao kwa maelfu, wakati watoto wao wakihamishiwa kwa walimu wasiowajua. Hasara hiyo hutajwa kwa nadra mno katika masimulizi ya ushindi.

Nini kilitokea kwa walimu wa Little Rock?

Wanafunzi tisa Weusi waliingia sekondari ya Central katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, Septemba 1957 wakilindwa na jeshi, na Ernest Green akahitimu mwezi Mei uliofuata. Gavana Faubus alizifunga sekondari za mji mwaka wa masomo 1958 hadi 1959, Weusi kwa Wazungu. Walimu, waliokuwa na mikataba, waliendelea kufika kila siku kwenye madarasa matupu. Mei 1959 wajumbe watatu wa bodi walijaribu kuwafukuza watumishi 44, wengi wao walimu, kwa kushukiwa kuunga mkono kuwachanganya Weusi na Wazungu shuleni. Wananchi wakapiga kura na kuwaondoa wajumbe hao badala yake.

Ni katika shule hiyohiyo ambapo Susan Epperson, mwalimu wa baiolojia, aliishtaki Arkansas kwa sheria ya mwaka 1928 iliyokataza kufundisha kwamba binadamu ametokana na viumbe vya chini. Kitabu kipya alichopewa kilikuwa na sura ya mageuko ya viumbe, na kukifundisha kungekuwa kosa la jinai. Alishinda katika Mahakama ya Juu mwaka 1968.

Je, cheti chao kililingana na kidato cha nne au cha sita?

Hakikulingana moja kwa moja na chochote, kwa kuwa kilitegemea mkondo. Mhitimu wa mkondo wa chuo katika shule nzuri alikuwa mahali fulani kati ya hivyo viwili. Vijana 81 wa safari ya kwanza ya ndege iliyoandaliwa na Tom Mboya mwaka 1959 walinufaika na jambo hili: chuo cha Marekani, kilichozoea kuwapokea wahitimu waliosoma mambo mengi bila kubobea, kilianza na masomo ya jumla, na aliyekuwa na cheti cha Cambridge cha kidato cha nne aliweza kuingia bila miaka miwili zaidi ya sekondari.

Walimu wa Marekani waliwahi kufundisha kwetu?

Ndiyo. Mwaka 1961 ulianza mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki, uliosimamiwa na chuo cha ualimu cha Columbia, New York, na ukaleta mamia ya walimu, baadhi yao wakipitia Makerere kwanza, kufundisha katika sekondari za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Walikuta kemia, fizikia na baiolojia zikifundishwa sambamba, na mtihani uliotungwa Uingereza. Mtu aliyezoea kutunga maswali yake na kutoa alama zake sasa aliwaandaa wanafunzi kwa karatasi ambayo naye aliiona siku ileile walipoiona wao, na majibu yao yakafungwa katika bahasha na kupelekwa kusahihishwa Cambridge.